Kidole kimoja kimevunja chawa

Mama watoto alinikataza kuandika nikiwa na hasira. Nikamtii, wiki nzima kimya, Alhamisi likizo ya kumuomboleza Malkia Elizabeth, Ijumaa likizo ya fainali ya mpira wa Australia huku Melbourne, ukijumlisha na wikendi ni siku nne mfululizo niko kwenye kochi na rimoti mkononi na sijaandika hata mstari mmoja. Nilidhani zitapoa. Sasa juzi Jumamosi tarehe 24 Septemba 2022 hao hao Sydney Swans waliotutoa sisi Collingwood kwa pointi 1 wameingia fainali wakapigwa na Geelong 133 kwa 52, yaani tofauti ya pointi 81, themanini na moja jamani, na hasira zangu zilizokuwa zimelala zimeamka na zimekuja na ndugu zao. Kwa hiyo naandika. Samahani mke wangu.

Kwa nyie mlioko Tanga ambao kila siku mnaniuliza "huo mpira wenu wa Australia ni raga au ni kitu gani", hapana si raga, na mkiniuliza tena sijibu. Uwanja una umbo la yai, mpira wenyewe yai, watu 18 kila upande, robo nne. Unashika kwa mikono, unapiga teke, ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono huruhusiwi kuurusha lazima uupige ngumi, na ukiudaka hewani uliopigwa kwa teke kutoka mbali kidogo basi refa anapuliza na unapewa nafasi utulie upige bila bughudha. Kipa hakuna, nyavu hakuna, mtambaa panya hakuna, kuna milingoti minne tu imesimama kama watu wanaosubiri daladala. Ukipitisha kati ya ile miwili mirefu ni goli, pointi 6. Ukipitisha pembeni yake, kati ya mrefu na mfupi, au ukigonga ule mrefu, umekosa, ila umekosa kwa kupewa pointi 1. Wanaiita bihaindi. Na mwamuzi wa goli, kuna jamaa anasimama pale pale kati ya milingoti, ikiwa goli ananyoosha vidole viwili vya shahada kimoja kila mkono kama polisi wa sinema mwenye bastola mbili. Ikiwa bihaindi ananyoosha kidole kimoja.

Shikilieni hicho kidole kimoja.

Matokeo yetu ya tarehe 17 Septemba yanaandikwa hivi: Sydney 14.11 (95), Collingwood 14.10 (94). Namba ya kwanza magoli, ya pili bihaindi, kwenye mabano jumla. Nikamtumia binamu yangu Tanga picha ya ubao wa matokeo bila neno lolote, nilitegemea pole, mtu wa Yanga mwenzangu huyu, anajua kuumia. Akanirudishia voisi, mwanzo wake kimya kirefu namsikia anavuta pumzi, halafu: "Kaka subiri kwanza. Magoli mmefunga 14, wao 14. Halafu nyie mmekosa mara 10, wao wamekosa mara 11. Wao ndo wameshinda?" Ndiyo. "Kwa hiyo wameshinda kwa sababu wamekosa zaidi?" Ndiyo kaka. "Huo mpira aliutunga nani, mke mwenza?"

Nilicheka, nikakasirika kwamba nimecheka, nikazima simu.

Maana ukiangalia kweli ndivyo ilivyo. Hatukufungwa goli la ziada, hakuna shuti la kusema lile ndilo. Tumefungwa na mtu aliyelenga goli akakosa, akapewa kifuta jasho, na kifuta jasho chake ndo kimetupeleka nyumbani. Wangekosa vibaya zaidi kidogo tu, ile moja wapo ikatoka nje kabisa huko kwa mashabiki, tungekuwa sare, na mechi za mtoano sare inaenda muda wa nyongeza. Na sisi kati ya 10 zetu, yoyote ile, moja tu ingeingia kati badala ya pembeni tunamaliza na 99 kwa 95. Halafu wasichokwambia ni kwamba bihaindi ina uchungu mara mbili, ukishapewa hiyo pointi mpira wanapewa wapinzani waanzishe kutoka golini kwao, kwa hiyo umebanana nao dakika nzima kuufikisha pale halafu unawakabidhi mkononi na risiti.

Na mechi yenyewe tulikuwa tumeshakufa! Robo ya pili walikuwa wametuacha zaidi ya pointi 30, mi nimeshaanza kusonga ugali, nikasema afadhali tufungwe mapema nile kwa amani. Ndo kosa la timu hii. Haijui kufa. Ikaanza kupanda kidogo kidogo, goli, bihaindi, goli, uwanja wa Sydney ule umeanza kunyamaza, ugali nikauacha jikoni ukaganda mwiko umesimama wima, binti yangu katoka chumbani kuja kuangalia baba anapiga kelele za nini, na nikaamini. Hapo ndo najilaumu. Mtu anayefungwa pointi 81 hajawahi kuamini, anaondoka robo ya tatu anawahi treni. Sisi tumeamini mpaka king'ora kinalia, na king'ora kikalia tukiwa na 94.

Jirani yangu ni Mzungu ana miaka 67, amezaliwa kwenye Collingwood kama watu wengine wanavyozaliwa kwenye dini. Mi namwita Mzee. Miaka mitatu ya mwanzo alidhani ni jina nimempa, akawaambia wajukuu zake kwamba Kiafrika anaitwa Mzee, na wao sa hivi wanamwita hivyo hivyo, nimeacha tu. Nilimfundisha shikamoo inaitikiwa marahaba, naye anaitika vizuri kuliko vijana wengi wa Chumbageni. Jumapili ile asubuhi nikamkuta anatoa pipa la taka. "Shikamoo Mzee." Hakuitika. Akaliacha pipa, akanitazama, akanyoosha kidole kimoja juu, akaingia ndani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga hawakuwa Collingwood.

Baadaye mchana akaja na chai yake akakaa kwenye ngazi za nyuma, akaanza kunisimulia 1966. Alikuwa na miaka 11, baba yake kampeleka MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, fainali, Collingwood na St Kilda, timu ambayo ilikuwa haijawahi kuchukua kombe hata moja tangu iwepo. Mechi inaisha, 73 kwa 73. Jamaa wa St Kilda anaitwa Barry Breen akauparamia mpira akapiga hovyo, ukaenda unadunda dunda kama bata mlevi, haukukaribia hata katikati, ukapita pembeni. Kidole kimoja. 10.14 kwa 10.13. Kombe la kwanza la St Kilda, na mpaka leo ndo hilo hilo moja, hawajapata lingine, yaani kombe pekee katika historia yao nzima wamelipata kwa kukosa goli mbele yetu. Mzee anasema baba yake hakuongea kitu kwenye tramu mpaka nyumbani, na mama yake alipofungua mlango akaona nyuso zao akarudi kupasha chakula bila kuuliza.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kuhesabu, nafanya kazi ghala, kutwa nahesabu mapaleti. Nikaenda kupekua matokeo ya zamani. 1964, fainali, Melbourne 8.16, Collingwood 8.12. Magoli sawa. Tumefungwa kwa bihaindi 4. 1966 nimeshasema, magoli sawa. 2018, fainali, West Coast 11.13, Collingwood 11.8. Magoli sawa! Na sasa 2022, 14 kwa 14. Nikakaa chini. Kama mtu angenipa hii kwenye karatasi bila majina ningesema hapa kuna mganga kahusika.

Hatufungwi magoli sisi. Tunafungwa makosa, tena makosa ya watu wengine.

2018 nilikuwepo, maana yake nilikuwa garajini kwa Mzee, tv kaiweka juu ya friji la bia, mimi na soda yangu, soseji za ng'ombe ambazo Mzee mwenyewe kaendesha gari mpaka bucha la halali kunifuatia. Tarehe 29 Septemba, MCG watu 100,022. West Coast wametoka Perth, hawana Nic Naitanui goti limeharibika, hawana Andrew Gaff amefungiwa mechi 8 kwa kumpiga mtu ngumi. Sisi mwaka uliotangulia tulimaliza wa 13, sasa tuko fainali. Tukafunga magoli 5 ya kwanza. Matano! Wao hawana hata moja, mimi nacheza sebene katikati ya mashine ya kukata nyasi na baiskeli za wajukuu, nikageuka Mzee kakaa tu mikono kifuani. Nikamuuliza vipi mbona hufurahi. Akasema "1970". Basi. Mwaka huo sikuuelewa nikaenda kusoma baadaye: fainali na Carlton, watu 121,696 uwanjani, mpaka leo rekodi, Collingwood inaongoza kwa pointi 44 mapumziko. Wakafungwa.

Na kweli 2018 wakaja pole pole. Robo ya mwisho kuna mpira Jack Darling wa kwao umemjia kifuani, goli liko wazi mbele yake, mpira ambao mtoto wa darasa la pili anaudaka, akauangusha. Nikasema hii ishara. Mzee akasema usiseme. Zimebaki kama dakika mbili tuko mbele, Jeremy McGovern akadaka huku nyuma kabisa kwao, akapiga kwa Nathan Vardy akadaka, Vardy akapiga Liam Ryan akapaa akadaka, Ryan akapiga pembeni Dom Sheed akadaka, yaani mpira umetoka mwisho wa uwanja mpaka mwisho mwingine bila mtu wetu hata mmoja kuugusa hata kwa ukucha. Na pale Sheed anapodaka beki wetu Brayden Maynard alizibwa njia na Willie Rioli, mi nimeona, Mzee ameona, mbwa wa Mzee ameona, refa hakuona, tumeshabishana miaka minne na tutabishana mingine.

Sheed kasimama kwenye chokaa ya pembeni kabisa. Kutoka pale milingoti miwili unaiona kama mmoja. Mzee akanyanyuka akatoka nje ya garaji akasimama barazani ametupa mgongo tv, mimi nikabaki kumwangalia Sheed akirudi nyuma hatua, anapangusa mpira, anakuja. Vidole viwili. Sikuhitaji kumwambia Mzee, mtaa mzima ulinyamaza akajua mwenyewe. 79 kwa 74.

Kwa hiyo mtasema hapo si tulifungwa goli, goli la Sheed. Sawa. Lakini ukijumlisha mwisho wa siku 11 kwa 11, goli lake limetufikisha sawa tu kwa magoli, zilizotuzika ni zile bihaindi 13 za kwao ambazo siku nzima tulikuwa tunazishangilia. Kila walipokosa garaji lilikuwa linalipuka, "amekosaaa!" mimi napiga makofi Mzee anapiga friji. Tulikuwa tunashangilia wanavyotuua.

Nikiri kitu. Mimi Collingwood sikuichagua. Baridi ya kwanza Melbourne nilikuwa natetemeka kazini mpaka kalamu inaanguka, msimamizi wa zamu akavua skafu yake akanipa, nyeusi na nyeupe mistari. Nikaivaa mwezi mzima sijui maana yake. Kwenye treni mtu ananikonyeza, mwingine ananitukana, nikadhani ni mambo ya rangi yangu kumbe ni mambo ya rangi za skafu. Hii timu ni hivyo, aliye ndani anaipenda kupita kiasi, na waliobaki nchi nzima wameungana kuichukia. Jina lake la utani ni ndege, Magpies, ndege mweusi mwenye mabaka meupe, kwetu angekuwa kunguru na hakuna ubishi. Nikasema sawa, mimi kunguru.

Na mambo ya rangi yapo pia nisijifanye. Rafiki yangu mmoja Mkongo haelewi kabisa nawezaje kuvaa hiyo skafu. Héritier Lumumba, baba yake Mkongo, mama Mbrazili, alichukua kombe na Collingwood 2010, akaja kusema hadharani aliyoyapitia mle ndani kama mtu mweusi, miaka ikapita wanamzungusha. Februari 2021 ripoti ya klabu yenyewe ikatoka inasema kuna ubaguzi wa kimfumo, rais wa klabu Eddie McGuire akaanza kwa kuiita siku ya kujivunia, siku chache baadaye kaachia ngazi. Rafiki yangu ananiuliza unashangiliaje hao. Sina jibu zuri. Nina skafu, nina Mzee, nina miaka kumi na moja ya Jumamosi ambazo siwezi kuzirudisha dukani. Mwaka ule skafu niliiweka kabatini miezi kadhaa, halafu nikaitoa. Yeye bado ananiona mjinga na bado tunakula pamoja Idi na Krismasi.

Halafu haki itendeke, mwaka huu wenyewe tumekula sana kwa mkono huo huo uliotupiga kofi. 2021 tulimaliza wa 17 kati ya timu 18, akaja kocha mpya Craig McRae, na hawa watoto wake si wale kunguru waoga wa kukimbiza ubawa, wanashambulia tu hata pale ambapo mtu mwenye akili angetulia. Mechi 11 mfululizo tumeshinda na nyingi kwa vipointi vya kuokoteza. Na Essendon mwezi wa saba Jamie Elliott kapiga king'ora kimeshalia, mechi imeisha, kabaki yeye na mpira wake pembeni ya uwanja, kaingiza, nilimbeba mama watoto sebuleni mpaka akaniambia mgongo wako. Mwezi wa nane mechi ya mwisho ya ligi tumewafunga Carlton kwa pointi 1, kwa pointi hiyo Carlton wakakosa kuingia nane bora, na mimi mtu mzima nikasimama kwenye uzio nikamwimbia jirani wa upande wa pili ambaye ni Carlton. Kaimbiwa kwa pointi 1. Tarehe 17 jioni alikuja kwenye uzio ule ule. Hakuimba. Alisema tu "bahati mbaya meti", kwa upole, na upole wake umeniuma kuliko angeimba.

Lakini Geelong. Geelong ndo sitaki kuongea na itabidi niongee maana wako ndani ya nyumba yangu. Tunakaa Werribee, upande wa kuelekea huko huko, nusu ya darasa la binti yangu ni Geelong na yeye pia, kaniletea soksi za bluu na nyeupe ndani ya nyumba niliyoipanga mimi. Geelong ndo walitufunga kwa pointi 6 tu mechi ya kwanza baada ya ligi, ila hiyo haikututoa. Pointi 6, goli moja! Halafu hao hao wanawapiga Sydney 81. Sasa niambieni hesabu hii inakwenda wapi. Sisi na mabingwa tumeachana goli moja, sisi na walioingia fainali tumeachana kidole kimoja, halafu wao kwa wao wameachana kama mbingu na ardhi. Jumamosi nimekaa naangalia fainali ile inavyokuwa mchinjo toka robo ya kwanza, binti anaruka ruka na soksi zake, nikawa nasema sisi tusingefungwa hivi. Mama watoto akasema kwa sauti ya chini, "Au mngefungwa hivi hivi." Nikatoka nje.

Nilichofanya siku hizi nne ni hiki, mnicheke tu. Mechi ya tarehe 17 nimeirekodi. Narudia bihaindi zetu zote 10, nasimamisha picha kila moja, natafuta ipi ndo ingekuwa goli. Ipi ilikuwa uvivu, ipi upepo, ipi mtu alikuwa na mwenzake yuko huru pembeni akajipendelea. Nina daftari. Jana jioni Mzee kagonga mlango, mkononi ana risiti ya duka kaandika nyuma yake, kumbe na yeye siku zote hizi yuko kwake anafanya hicho hicho, hatujaambiana. Tukakaa mezani tukalinganisha. Yeye anasema ni ya tatu. Mimi nasema ya saba, tena ya saba haina hata mjadala, akapandisha sauti, nikapandisha, binti akafunga mlango wa chumba chake. Kesho anarudi tuiangalie tena ya tatu polepole, nimemwambia aje na soseji.